Mteja aliambiwa fundi wa viatu amekufa, tovuti ikasema yuko Ganjoni

Saa mbili asubuhi, chai ikiwa bado inafuka kando ya cherehani, Nyevu Chonga amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba chake cha kazi mtaani Ganjoni. Mbele yake amesimama mwanamke aliyevua viatu, mgongo ameupa ukuta, mikono ameiachia. Nyevu anachukua kibao chembamba, anakisukuma taratibu chini ya mguu wa kushoto wa mgeni wake, kisha anainuka na kumshika nyonga kwa viganja viwili, kama mtu anayeangalia iwapo picha ya ukutani imekaa sawa.

"Bado," anasema. Anaongeza kibao kingine. "Sasa je?"

"Sijui. Nahisi kama... nimesimama."

"Kwani ulikuwa hujasimama?"

"Si hivi," mwanamke anajibu, na wote wawili wanaangua kicheko.

Mgeni huyo ni Beryl, keshia katika duka moja kubwa upande wa Nyali. Miaka sita iliyopita aligongwa na bodaboda. Mfupa wa paja uliunga, lakini mguu wa kushoto ukabaki mfupi kuliko wa kulia. Tangu hapo husimama kazini kutwa nzima akiwa ameegemea upande mmoja, na jioni mgongo humuuma hata kuinua sufuria ya ugali kukawa taabu. Kazini hajamwambia mtu.

"Wenzangu wanadhani natembea hivi kwa madaha," anasema. "Nikawaacha wadhani hivyo. Afadhali wanione nina madaha kuliko kila siku niambiwe pole."

Beryl hakuelekezwa hapa na daktari wala jirani. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alijifungia chumbani na kuandika kwenye simu yake: viatu mguu mmoja mfupi. Kilichotokea cha kwanza kilikuwa tovuti ya Fundi Nyevu. Humo alisoma namna ya kujipima nyumbani kwa kupanga vitabu chini ya mguu mpaka kiuno kikae sawa. Akajipima. Leo amekuja na jibu mkobani: kitabu cha hesabu cha mwanawe na daftari mbili.

Nyevu anaviweka vitabu hivyo kando ya vibao vyake. Tofauti yake haifiki unene wa kucha.

"Umejipima vizuri," anamwambia. "Sasa kaa, unywe chai, tuzungumze kiatu."

Nyevu ana umri wa miaka arobaini na sita, na kazi yake ni kutengeneza viatu vya watu ambao miguu yao hailingani. Wako waliougua polio utotoni, wako waliovunjika, na wako waliozaliwa hivyo. Kiatu kimoja hutoka kama viatu vingine vyote. Cha pili hupandishwa soli kwa kiasi ambacho mguu umepungukiwa, na ufundi wenyewe ni kukifanya kisiwe kizito wala kisimtangaze mvaaji kabla hajafika.

Alizaliwa Kaloleni, akaja Mombasa akiwa msichana wa miaka kumi na tisa kukaa kwa shangazi yake. Kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa ya kufagia na kupaka gundi katika chumba chembamba cha Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu, ambamo Mzee Ishaq alishona makubadhi, zile ndara za ngozi zinazovaliwa na watu wa pwani. Mzee Ishaq hakuwa na mtoto aliyeitaka kazi hiyo. Nyevu aliitaka.

"Nilikuwa nafagia huku natazama mikono yake," anakumbuka. "Siku moja akanipa msharasi, akaniambia, 'Haya, wewe unayetoboa ngozi kwa macho, toboa kwa mkono sasa.'"

Mteja aliyebadilisha mkondo wa maisha yake ni Abdulghafur, mwalimu wa shule ya msingi, sasa mstaafu, ambaye mji mzima humwita Mwalimu. Mguu wake wa kulia ulikonda na kufupika kwa polio. Alikuja dukani akiwa amevaa kiatu kilichopigiliwa gogo la mbao chini yake, kizito kiasi kwamba kilikuwa kikimchosha kuliko ule mguu wenyewe. Mzee Ishaq alitikisa kichwa, akasema hiyo si kazi ya makubadhi. Nyevu akaomba ajaribu.

Alikata mpira mwepesi, akaupanga tabaka juu ya tabaka, akauchimba katikati kupunguza uzito, kisha akaufunika kwa ngozi. Ilimchukua wiki kadhaa na viatu viwili vilivyoharibika. Mwalimu alipovaa cha tatu, alitoka mlangoni kukijaribu, akakata kona, akapotea.

"Mzee Ishaq akaniambia, 'Mwalimu wako amekwenda na kiatu na pesa hajalipa,'" Nyevu anasimulia. "Tukangoja. Adhana ikaadhiniwa, watu wakaswali, wakatoka. Ndipo tukamwona anarudi, kanzu imelowa jasho."

Alikuwa amezunguka mji hadi Ngomeni, kwenye ile ngome kongwe, na kurudi.

"Sikuwa na haja ya huko," anasema Mwalimu mwenyewe, ambaye siku hii amepita Ganjoni kuongezewa soli. "N'likuwa natembea tu. Miguu ilikuwa yataka."

Viatu hivyo viliwahi kuibwa msikitini siku ya Ijumaa. Kesho yake vilikutwa vimerudishwa pale pale mlangoni, vimepangwa vizuri, kimoja kirefu, kimoja kifupi. Mwalimu hulisimulia jambo hili kila anapopata msikilizaji mpya, na huwa hawezi kulimaliza bila kucheka. "Yule mwizi alivivaa," anasema. "Naapa alivivaa. Lazima alikwenda navyo kidogo, akaona dunia imepinda."

Mzee Ishaq alipofariki, Nyevu alichukua msharasi, nyundo na kalibu zake za mbao, akapanga chumba nyuma ya Mwembe Tayari. Alipachagua kwa hesabu ya mtu anayewajua wateja wake. Watu wa Voi, Taveta, Kibwezi, Garsen na Lamu hushuka kwenye mabasi hapo hapo. Mtu ambaye kutembea ni mateso hataki kupelekwa mbali. Hushuka, hukata uchochoro mmoja, humkuta.

Alikaa hapo miaka kumi na minne. Hakuwa na kibao cha jina. Watu walijua mlango, wengi hawakuhitaji hata namba yake ya simu.

Kisha jengo likauzwa. Mwenye nyumba mpya alitaka kujenga hoteli ya kulala wageni, na wapangaji wote wakapewa notisi. Nyevu alitafuta chumba kingine karibu na stendi, kodi zikamshinda. Akapata hiki cha Ganjoni, nyuma ya nyumba ya ghorofa upande wa kuelekea Mbaraki, mahali ambapo tuktuk hupita lakini mgeni wa mji hawezi kupakisia. Kabla ya kuhama aliandika kwa rangi nyekundu juu ya mabati yaliyozungushiwa jengo: Fundi Nyevu amehamia Ganjoni, pamoja na namba ya simu. Wiki chache baadaye mafundi wa ujenzi waliyang'oa yale mabati wakaweka mengine.

"Hapo ndipo nilipopotea," anasema. "Mimi najua nilipo. Watu wangu hawajui."

Kazi hii ina tabia yake. Mvaa kiatu haji kila mwezi kama anayekuja kukata nywele. Huja baada ya mwaka, au miwili, soli ikishaisha. Kwa hivyo Nyevu hakuujua ukubwa wa pengo mara moja. Mwezi wa kwanza alidhani ni kwa sababu ya Ramadhani. Mwezi wa tatu akasema ni karo za shule. Kufikia mwezi wa saba, mapato yaliyokuwa yakifika shilingi elfu thelathini kwa mwezi yalikuwa hayatoshi kodi, na alikuwa akibandika soli za viatu vya shule vya majirani ili siku isipite bure.

Wateja wa Mji wa Kale waliendelea kuja, Mwalimu akiwatangulia. Lakini wale wa mbali walikatika. Mumewe, Ngala, ambaye hupakia mizigo bandarini, alimwambia apumzike kidogo. Yeye akalisikia neno pumzika kama neno acha.

Siku moja akapanda ngazi hadi chumba cha ghorofa ya kwanza ambamo Trizah, jirani yake mwenye kompyuta mbili na printa, huwasaidia watu kujaza fomu za serikali na kuchapa barua. Nyevu alitaka kuchapishiwa tangazo. Lilikuwa fupi: cherehani ya viatu inauzwa, hali nzuri, piga namba hii. Fundi mmoja wa Kongowea alikuwa tayari ameahidi kuja kuitazama, na Nyevu alitaka na wengine wajue ili bei ipande.

Trizah aliandika maneno hayo, kisha akaondoa vidole kwenye kompyuta.

"Mama, kwa nini unauza mashine? Si ndiyo kazi yenyewe?"

"Wateja hawaji."

"Wamepata fundi mwingine?"

"Hakuna fundi mwingine, mwanangu. Wananitafuta Mwembe Tayari."

Trizah hakuchapa. Alifungua ukurasa mwingine, akaandika: fundi wa viatu mguu mfupi Mombasa. Akaigeuza kompyuta ili Nyevu aone. Kulikuwa na hospitali za India, kampuni moja ya Nairobi, na tangazo la viatu vya watoto.

"Mtu wako akiuliza saa hii akiwa nyumbani kwake, huyu ndiye anayejibu," Trizah akasema. "India inajibu. Wewe uko hapa chini yangu na umenyamaza."

Jambo ambalo Nyevu hakuwa amelifikiria kabisa, asema, ni kwamba watu wanaweza kumuulizia mtu mahali pengine mbali na barabarani. Na papo hapo akaona kitu ambacho Trizah hakukijua: wateja wake ndio hasa watu wasiopenda kuuliza barabarani.

"Mtu mwenye mguu mfupi akisimama kuuliza fundi yuko wapi, macho yanashuka chini palepale," aeleza. "Wengi wanaona heri wapotee. Lakini simu haikutazami miguu."

Alimuuliza Trizah kama ukurasa wa Facebook haungetosha, maana shangazi yake alikuwa nao na ni bure. Trizah akamwambia kule ni sawa na kupanga kibanda sokoni, katikati ya picha za harusi na matangazo ya keki. Leo uko mbele, kesho umesukumwa nyuma, na siku mwenye soko akiamua kukufungia, huna wa kumlilia. Nyevu hakuhitaji kuelezwa mara mbili habari za wenye nyumba.

Walikubaliana malipo ya shilingi elfu nane, kidogo kidogo, pamoja na kupandishiwa soli viatu vya mama yake Trizah ambaye magoti yanamsumbua. Na Trizah akamwomba kitu kimoja: asiuze mashine kabla tovuti haijakaa mwezi mmoja.

Kuitengeneza kulikuwa na mabishano yake. Trizah aliandika maneno ya kukaribisha wateja kwa namna aliyoizoea kwenye barua za kampuni: tunatoa suluhisho bora kwa mahitaji yako yote. Nyevu alisomewa, akakunja uso.

"Mimi sitoi suluhisho. Natengeneza viatu."

"Ndivyo wanavyoandika, mama."

"Nani?"

Trizah akafuta. Leo maneno ya kwanza kwenye tovuti ile ni haya: Mguu wako mmoja ni mfupi? Mimi ni Nyevu. Natengeneza viatu vitakavyokusimamisha sawa. Chini yake pana bei, kwa sababu Nyevu alisema mtu mwenye haya hawezi kupiga simu kuuliza bei. Jozi mpya ni kuanzia shilingi elfu sita na mia tano. Kupandisha soli ya kiatu ulicho nacho ni kuanzia elfu moja na mia mbili. Kisha maelezo ya vitabu, ramani ya kufika Ganjoni, na ahadi kwamba atakayekuja atapimwa ndani, mlango ukiwa umefungwa.

Zilibaki picha. Nyevu alikataa katakata kuweka ya mteja yeyote. Mwalimu Abdulghafur aliposikia, alitoka Mji wa Kale akaja mwenyewe, akaketi kwenye kigoda, akavuta kanzu juu kidogo.

"Haya, pigeni," akasema. "Miguu yangu mie si siri. Mji mzima waijua, hata wezi."

Tovuti ikawekwa. Mwezi ukaisha, simu ikawa kimya vile vile. Mara mbili ililia, na mara zote alikuwa mtu aliyekosea namba. Nyevu akaanza kumhurumia Trizah zaidi ya alivyojihurumia yeye. Fundi wa Kongowea akapiga, akasema angefika Jumamosi na pesa taslimu. Nyevu akamwambia aje.

Alhamisi, akiwa anapangusa mafuta kwenye mashine ili mnunuzi aikute safi, simu ikalia.

"Halo," sauti ya mwanamume ikasema. "Naongea na nani?"

"Na Nyevu."

Nyuma ya mtu yule kulisikika lori likipita.

"Nyevu yupi?"

"Nyevu wa viatu. Nikusaidie?"

"Wa Mwembe Tayari?"

"Nilikuwa huko. Sasa niko Ganjoni. Wewe nani, baba?"

Mtu yule akavuta pumzi. "Mama, ni Kyalo. Kyalo wa Voi. Mama, waliniambia umekufa."

Kyalo ni mlinzi wa ghala mjini Voi. Nyevu alimshonea viatu tangu akiwa mvulana wa shule aliyeletwa na mamake, na kila mguu ulipokua aliletwa tena. Alikuwa amekuja Mombasa mara mbili kumtafuta. Mara ya kwanza alikuta mabati. Mara ya pili alimuuliza mwuza kahawa pale stendi, naye akamjibu kwa huzuni nyingi kwamba yule mama aliyekuwa hapo alishafariki. Kyalo alirudi Voi kwa basi lililofuata. Alikata kipande cha tairi la gari, akakipigilia misumari chini ya kiatu, akaendelea na kazi yake ya kuzunguka ghala.

"Nilikuwa nimeshakulilia, mama," alimwambia. "Nilimwambia hata mke wangu, Mwende, kwamba tutoe sadaka kanisani."

"Mkatoa?"

"Tulitoa."

Nyevu alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, na alipokuwa pale chini kicheko kikageuka kilio, na Kyalo huko Voi akawa anasema, "Mama? Mama, uko?" Trizah alisikia kutoka juu, akashuka mbio akidhani pametokea msiba.

Kyalo mwenyewe, aliyezungumza kwa simu, anasema hakuwa akimtafuta tena Nyevu siku ile. Alikuwa akitafuta mtu yeyote. Kile kipande cha tairi kilikuwa kimempa kidonda. "Niliandika mama wa viatu vya mguu mfupi Mombasa, nikitumaini labda kuna mwingine. Nikaona jina. Nikasema, labda ni binti yake amechukua kazi."

Alifika Ijumaa. Nyevu alikitazama kile kiatu cha tairi, akakitia kwenye pipa.

Jumamosi fundi wa Kongowea naye akaja, akamkuta Nyevu ameinamia mashine ile ile akishona kiatu cha Kyalo. Aliambiwa haiuzwi. Alikasirika kidogo, akanywa chai, akaenda zake.

Hilo lilitokea miaka miwili iliyopita. Kyalo aliwaambia wawili Voi, mmoja wao akamtumia anwani ya tovuti dada yake aliyeko Taveta. Watu wa Lamu waliokuwa wamekata tamaa wakampata. Wakaja pia wageni kabisa, watu kama Beryl, ambao hawakuwahi kujua kwamba kitu kama hiki kipo. Hao ndio wengi sasa. Katika mwezi wa kawaida Nyevu hupata kati ya shilingi elfu arobaini na elfu hamsini baada ya kununua ngozi na mpira, na ameajiri mama mmoja wa kumsaidia kushona, anayeitwa Ketty.

Kuna faida nyingine ambayo hakuitarajia. Zamani nusu ya siku ilikwisha kwa kueleza: bei ni hii, siku ni hizi, njoo na soksi, usije na kiatu chenye kisigino. Sasa watu hufika wakiwa wamesoma. "Wanakuja wameshaamua," anasema. "Mazungumzo yetu yanaanzia katikati."

Haikuwa raha tupu. Mwaka jana, Trizah akiwa amesafiri kwenda Siaya kwa mazishi, simu ya Nyevu ilinyamaza ghafla. Alidhani laini imeharibika, akaizima na kuiwasha. Siku ya tatu akapigiwa na Mwalimu.

"Sabalkheri, mwanangu. Mbona mlango wako umefungwa?"

"Sabalkheri, Mwalimu. Uko wazi, mbona. Mimi niko ndani."

"Si huo. Ule wa kwenye simu. N'na mpwa wangu yuko Malindi, yuwakutafuta hakuoni."

Ada ya mwaka ya jina la tovuti ilikuwa imepitwa na siku, na ujumbe wa kukumbusha ulikwenda kwenye barua pepe ya Trizah, ambaye huko matangani hakuwa akisoma barua. Trizah alilipa alipofika kwenye mtandao, na siku iliyofuata tovuti ikarudi. Trizah alipotoka Siaya, Nyevu alipanda ngazi na maswali. Hakwenda kugombana. Alitaka kujua jina lile limeandikwa la nani, linalipiwa wapi, na yeye mwenyewe anawezaje kulilipia. Jioni ile jina likahamishiwa kwake.

"Nililala vizuri," asema. "Maishani mwangu sijawahi kumiliki chumba. Hicho nakimiliki."

Kwa wafanyabiashara wenzake wanaomuuliza, na sasa wanamuuliza, maana fundi cherehani wa jirani na mama anayeuza achari huko Mji wa Kale wote wamekwenda kwa Trizah, jibu lake huwa fupi. Weka bei. Andika kama unavyosema. Na usimwachie mtu mwingine ufunguo, hata kama unampenda.

Saa nne inakaribia. Beryl amechagua mtindo wake, amelipa rubuni, sehemu ya bei, na anavaa viatu vyake vya zamani polepole, kama mtu anayerudia nguo iliyolowa. Wiki mbili, Nyevu anamwambia. Wanaagana kwa mikono miwili.

Mgeni akishaondoka, Nyevu anafunua kitambaa kwenye kona ya meza. Chini yake mna ndara tatu za mpira, za aina ile ya kuogea, kila moja ikiwa na soli iliyopandishwa na kila moja imeharibika kwa namna yake. Moja imekatika mkanda. Ya pili hupinduka mtu akikanyaga maji. Ya tatu ni nzito kama tofali.

Chanzo chake ni ujumbe ulioingia kupitia tovuti mapema mwaka huu, kutoka kwa msichana wa shule ya bweni upande wa Kilifi. Aliuliza kama wanatengeneza ndara. Wenzake wote, aliandika, huenda kuoga na ndara, na yeye peke yake huenda na viatu vya ngozi, akavivua mlangoni na kuruka kwa mguu mmoja hadi kwenye maji.

"Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniomba ndara," Nyevu anasema. "Mtu mzima angeona haya kuniambia mbele ya uso wangu. Angesema, huyu mama amenisaidia kupata viatu, sasa nitake na za kuogea? Yule mtoto aliandika tu."

Anataka kufikia Desemba awe ameweza, shule zikifungwa, ili msichana yule arudi muhula mpya akiwa nazo. Ametafuta mpira mwepesi zaidi, na Ketty amependekeza mkanda wa nyuma wa kuzuia kisigino. Wiki hii wanaanza ya nne.

Mwezi uliopita alimwomba Trizah aongeze maneno machache kwenye tovuti, bila jina la mtu: Kwa aliyeuliza ndara, zinakuja, tunajaribu. Tangu hapo wengine wameandika, mmoja baada ya mwingine, kutoka Mtwapa, kutoka Mariakani, hata kutoka Tanga, wakiuliza kama na wao wanaweza kuandikishwa.

Wengi wao wamevaa rangi nyeusi maisha yao yote, maana viatu vya namna hii hutengenezwa vyeusi, na anayevihitaji hupokea alichopewa. Kwa hivyo kabla ya kuwauliza vipimo vyao, Nyevu amewajibu wote kwa swali moja: unataka rangi gani?